Vidonge vya Zuleika

Jumamosi, Zuleika alipotoka tu kwenda kufundisha madrasa, Farhana aliingia chumbani mwa mdogo wake huyo, aliyeishi kwake, akavuta droo, akatoa vidonge viwili kwenye pakiti. Akaenda navyo jikoni, akafungulia maji.

Tangu utotoni mrembo wa nyumba alikuwa yeye. Zuleika alikuwa na chunusi sugu, mavimbe mekundu yanayouma na kuacha mashimo, na wageni walipokuja nyumbani kwao Kyebando alijifunga ushungi mpaka karibu na macho. Farhana alimwonea huruma kwa dhati.

Hata matibabu yalipoanza, katika zahanati moja ya Naguru, Farhana ndiye aliyemsindikiza. Daktari Onen hakuwaficha kitu: midomo itapasuka, macho yatakauka, jua alikwepe, na uso utachafuka zaidi kabla ya kupona. Tena kila mwezi atapimwa damu na mimba.

“Mimba? Daktari, mimi sijaolewa.”

“Kila mwanamke hupimwa. Dawa hii inalemaza mtoto tumboni.”

Farhana alicheka, kicheko kikavu. Mimba waitoe wapi, wao wawili? Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sita ya ndoa na Mubarak bila mtoto, na hakuna hospitali wala miti shamba iliyomsaidia.

Mwezi wa kwanza Zuleika alilia kila alipoona kioo. Farhana alimpaka mafuta midomoni kwa kidole chake mwenyewe. Mwezi wa nne ngozi ikatulia. Wa tano ikang’aa.

Kwenye harusi ya jirani yao Kaltumi, mama yake Mubarak alimshika Zuleika kidevu. “Kumbe nyumba ya mwanangu ina mrembo!” Farhana alikuwa amesimama palepale na sinia ya pilau.

“Amewapita wote sasa,” Mubarak akaongeza, kwa mzaha.

Farhana hakuuchukulia mzaha. Alipofika nyumbani alijitazama: miaka thelathini na miwili, mabaka mashavuni. Akajikuta anamchukia msichana aliyemlea kwa mikono yake. Jumamosi iliyofuata ndipo alipovuta droo kwa mara ya kwanza.

Baada ya Jumamosi ya tatu, Zuleika alihesabu pakiti yake, akaja jikoni.

“Dada, duka la dawa wananipunja.”

“Watu wa siku hizi,” Farhana alijibu, akiendelea kukata vitunguu.

Lakini uso wa Zuleika haukurudi nyuma hata kidogo. Ulizidi kupendeza, na kila sifa ilimchoma Farhana kama moto wa mkaa.

Siku ya kipimo ilipofika, Zuleika alimshika mkono. “Twende wote. Wiki nzima kichwa kinakuuma na chakula hukitaki. Wakupime na wewe.”

Muuguzi, Sista Alanyo, alichukua damu na mkojo wa wote wawili. Aliporudi alimwambia Zuleika kila kitu ni salama, aendelee na dawa. Kisha akamgeukia Farhana, akitabasamu.

“Hongera, mama. Una mimba.”

Zuleika alipiga kigelegele mpaka wagonjwa wakageuka. Akamkumbatia dada yake huku machozi yakimtiririka. “Miaka sita, dada! Miaka sita!”

Farhana hakumkumbatia. Alikuwa anamtazama muuguzi.

“Sista,” akauliza kwa sauti ndogo, “na aliyemeza vidonge hivyo sita tu?”