Mizani ya Sikudhani

Sikudhani alikuwa akipima kahawa ya wakulima sokoni pale Sajini Mbaruku wa gereza alipokuja kuazima mizani yake, kwa sababu mji mzima haukuwa na nyingine isiyodanganya.

"Ya nini?"

"Kesho kutwa tunamnyonga Tindwa. Lazima tujue uzito wake ndipo tupime kamba."

Sikudhani akaishika mizani yake, asiitoe. Tindwa ndiye aliyehukumiwa kwa kumuua kaka yake Sikudhani.

"Nilidhani utanipa mbio mbio, dada. Au umeshamsahau marehemu?"

"Namwombea kila alfajiri," Sikudhani akajibu, kichwa juu. "Lakini mimi nikikosea kilo moja, mwenye kahawa hurudi, nami humpa haki yake. Ninyi mkikosea, Tindwa atarudi kudai kwa nani? Na hata kama ni yeye kweli, mizani yangu haimpimi mtu ili auawe."

"Nitaandika kwamba umekataa."

"Andika. Sikudhani binti Mauridi. Usikosee jina."

Mkulima mmoja akaangua kicheko, na wenzake wakasogeza magunia yao wakaizunguka mizani. Sajini akavua kofia, akasimama juani katikati ya njia, asijue arudi gerezani au aende nyumbani.