Bomba la Maziwa

Kazi yangu ni kuunganisha majina na matangi. Jina halibadiliki: kila nyumba mjini ina bomba lililoandikwa "Maziwa". Kinachobadilika ni tangi, kulingana na mtaa. Mtaa wa wakubwa nimeuunganisha na tangi la pili, lenye maziwa ya ng'ombe. Wetu nimeuunganisha na la tisa. Siku niliyochungulia humo nilitapika: ute wa kijivu, mafuta ya mifupa, chokaa. Tangu hapo nanywa chai ya rangi.

Jana nilimletea binti yangu Tunu chupa ya wizi kutoka tangi la pili. Alionja, akatema sakafuni.

"Mama, haya yameoza."

Akaenda kukinga kikombe bombani, akarudi akilamba ute mdomoni.