Kofia ya Zawina

Leo kofia ya binti yetu Zawina imesema! Kila mtoto anayenyonya huvishwa kofia inayotamka anachoelewa, nasi tuliisubiri kwa hamu. Mume wangu, Shomvi, aliponyoosha mkono mezani, kofia ikasema, "Baba anataka maji."

Nikapiga vigelegele! Nikainuka.

"Mama anataka kufunga dirisha."

Kweli kabisa! Tukakumbatiana.

Jirani yetu Mwanakheri akachungulia mlangoni.

"Karibu tule, jirani!" nikamwambia, kama ilivyo desturi.

"Mama anataka aondoke," kofia ikasema.

Mwanakheri akaondoka bila kuaga.

"Hebu mvue hiyo kofia," Shomvi akanong'ona.

Nikamwendea Zawina nikitabasamu. Kabla sijamgusa, akaishika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Mama ananiogopa," kofia ikasema.