Fundi Aliyechechemea

Mahfudhi Kitwana, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikuwa akitia saini vitabu vyake kwenye maktaba ya mji wakati mwanamke mmoja alipomwekea mezani nakala iliyochakaa.

"Nimwandikie nani?" aliuliza bila kuinua macho.

"Baba yangu. Alikuwa fundi cherehani, kule nyuma ya soko. Alikuwa akichechemea."

Kalamu ilisimama. Muuaji katika riwaya ile alikuwa fundi cherehani aliyechechemea. Mahfudhi alikuwa akimwona fundi huyo wa nyuma ya soko kila asubuhi, akauchukua mwendo wake na mkasi wake mkubwa, akavitia kitabuni. Mengine yote aliyabuni.

"Watu walikisoma, wakaacha kumletea vitambaa," mwanamke alisema. "Watoto walimwita muuaji mpaka alipofariki, mwezi uliopita. Fungua ukurasa wa mwisho, mzee."

Chini kabisa palikuwa na maandishi ya penseli: "Mimi sikuua mtu, bwana mwandishi."

"Mjibu," alisema yule mwanamke.

Mahfudhi alitaka kusema kwamba hadithi ni hadithi tu, lakini aliishusha kalamu chini ya maandishi yale. Aliandika "Nisamehe," kisha akasita. Miaka yote hiyo alimjua kwa jina alilompa yeye mwenyewe kitabuni.

"Dada, baba aliitwa nani?"

"Sefu Mlekwa."

"Tafadhali, liseme tena, polepole."

Alianza kuliandika, herufi moja moja. Nyuma ya mwanamke yule watu walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja ameshika kitabu kilekile.