Msomaji wa Mama na Tovuti ya Harusi

Aisee, hii programu ya Msomaji ni noma. Siku hizi kila tovuti lazima iandike masharti yake kwa namna ambayo simu inayasoma yenyewe, halafu inakwambia kwa Kiswahili cha kawaida wanataka nini kwako. Mama yangu, ambaye zamani alikuwa anabonyeza "nakubali" kama anaua mbu, sasa hadanganyiki.

Jumapili Shebe, mchumba wa dada Mwanaidi, kaja nyumbani kutuonyesha tovuti ya harusi yao aliyoitengeneza mwenyewe. Mama kaifungua tu, simu ikasema kwa sauti: "Tovuti hii itachukua namba zote za simu yako na kuziuza kwa kampuni za kamari."

Sote tukamgeukia Shebe.

"Mama, wallahi sikujua!" Jasho linamtoka Shebe. "Masharti niliyanakili kwenye tovuti ya kubeti. Sikuyasoma."

"Na cheti cha ndoa utasaini bila kusoma, baba?" Mama akamuuliza.

Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Shebe akayafuta yale masharti, akaandika mengine palepale, simu ikasema, "Salama." Namba za ukoo mzima zimeokolewa na kisimu cha mama! Mimi nikajua yameisha.

Mama akaielekeza simu usoni kwa Shebe. "Na huyu je? Masharti yake yanasemaje?"

Simu ikajibu: "Huyu hana masharti ninayoweza kuyasoma."

Dada akamshika Shebe mkono. "Mama, mi nishamkubali."

Mama alikuwa bado anaitazama simu, kama anasubiri ibadilishe jibu.