Kilemba Juu ya Boksi la Ladu

Haji Barkat alivua kilemba chake cheupe, akainama kwa taabu, akakiweka miguuni pa Sajida.

Cherehani ya baba yake Sajida, iliyokuwa ikilia chumbani tangu asubuhi, ikasimama. Mji mzima wa Gujranwala unajua maana yake: mzee akikuwekea kilemba miguuni, unakiokota, unamvisha, na shauri limekwisha. Kukiacha chini ni kumwacha uchi mbele za watu.

Sajida alivuta mtandio ukamfunika kichwa vizuri, kwa mazoea tu. Hakuwahi kukiona kichwa cha mzee huyu kikiwa wazi. Kilikuwa kidogo, kina madoa kama yai la kwale.

"Binti yangu," alisema Haji, "mwanangu Tauqir amekosa. Nani hajakosa? Ile kesi ya kufuga simba bila kibali tumeimaliza. Imebaki hii ya mkono wa mtoto, na sheria imekuachia wewe. Mama ukisema nimesamehe, hakimu hana neno."

Karani waliyemchukua nje ya mahakama alikuwa amekalia ukingo wa kitanda cha kamba, karatasi ya msamaha juu ya paja, kalamu tayari. Ilibaki sahihi tu.

Mama yake Tauqir alisogeza mbele boksi la ladu, vile vitamu vya mviringo vya sherehe. "Siku kumi na moja mwanangu analala sakafuni mahabusu. Hajazoea, Sajida. Mbu wanamla."

"Masikini. Wamemla mpaka wapi? Kwenye kiwiko?"

"Usiwe na ulimi huo! Yule simba alinyonya maziwa kwenye chupa. Alikuwa kama mtoto wa nyumbani."

"Mwana wa nyoka ni nyoka, hata umnyonyeshe asali. Sakafu ile ya baraza nimeiosha damu mwaka mzima kwa mikono hii. Kilo saba za nyama ya nyati kila siku. Nilipomwambia Tauqir, 'Huyu si paka, amekua, mtoe,' alinicheka mbele ya wageni. 'Rudi jikoni,' akaniambia, 'na ufunge mlango. Harufu ya vitunguu inamsumbua Nawab.'"

Nawab ndilo lilikuwa jina la simba. Alivalishwa mkufu wa dhahabu. Alipakiwa nyuma ya gari la wazi, akazungushwa kwenye harusi za watu, Tauqir amesimama kando yake, miwani myeusi usoni, kifua mbele, utadhani yale manyoya ya shingoni yameota kwake. Rafiki zake wakamvika vilemba vya ukoka: shujaa, dume la madume. Dume! Mtu aliyekuwa akiita wenzake waje wamtolee mjusi bafuni.

Na sheria haikuwa siri. Barua ya serikali ilikuja: kibali kiko wapi, tundu liko wapi, kwa nini mnyama huyu yuko katikati ya makazi? Tauqir aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Siku ya Idi wageni walitaka video. Tauqir akafungua mnyororo. Akamwinua Hareem, miaka sita, na gauni lake jipya la manjano, akamkalisha mgongoni pa simba.

"Cheka," alimwambia. "Tazama kwenye simu, ucheke."

"Nataka kushuka," alisema Hareem. Alisema mara tatu. Video ipo, sauti yake inasikika vizuri, na vicheko vya wageni vinasikika vizuri zaidi. Kisha simu inaanguka.

Madaktari waliukata mkono juu ya kiwiko.

"Tutampeleka ng'ambo," alisema Haji. "Atawekewa mkono ambao hata wewe hutautofautisha."

"Utajua kusuka nywele, huo?"

"Binti, yule simba alikuwa heshima ya ukoo."

"Heshima ya kufungwa mnyororo, mzee wangu, ikifunguliwa huanza na walio karibu."

Baba yake Sajida alitokeza mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Mwanangu," alisema polepole, "kilemba kiko chini. Watu watasema."

"Waseme, baba. Niliposema mimi, alisikia nani?"

Chumbani, sauti ndogo ikaita. "Mama! Kifungo kimenishinda tena."

Mama yake Tauqir alijifunika uso kwa shali yake ya sufi, akalia kweli sasa.

Sajida aliinama. Wote wakashusha pumzi. Alikiokota kilemba, akakikung'uta vumbi taratibu kama mtu anayekung'uta nguo ya mtoto, akakiweka juu ya boksi la ladu.

"Beba vyote viwili, mzee wangu. Karani, chukua karatasi nyingine. Andika: mama hasamehi."

Karani alimtazama Haji. Haji akapapasa kichwa chake kitupu. Karani akatoa karatasi safi, akaanza kuandika, akafika penye jina la mtoto akakwama, maana mahakamani mtoto haandikwi jina lake peke yake.

"Hareem binti nani?" aliuliza. "Maana hata kwenye ile ya msamaha hapa paliachwa wazi. Nilimuuliza mzee njiani, akageuza uso."

Haji Barkat alitazama miguu yake.

Sajida alisimama aende akafunge kile kifungo. Alipompita karani aliweka kidole kwenye karatasi ya kwanza, pale juu kabisa, penye jina la mshtakiwa.

"Nakili hilo hilo," alisema. "Hana baba mwingine."