Zamu ya Nasaria

Nyumba ya mbao ya Nasaria iliteketea Jumanne, ikabaki fremu ya chuma ya mlango imesimama peke yake. Alhamisi ilikuwa zamu yake kuwapokea wanajumuiya, maana kila juma walisali nyumba kwa nyumba, lakini alijua safari hii wangemruka. Afadhali, kwani hakuwa na la kumwambia Mungu. Siku hiyo ilipofika, alikuwa ameinama majivuni akitafuta sufuria.

"Hodi humu ndani."

Akainua kichwa, akaduwaa. Watu kumi na wawili walisimama mbele ya ile fremu tupu, vitabu vya nyimbo mikononi. Ukuta haukuwapo, walikuwa wakimwona waziwazi, na bado walingoja kukaribishwa.

"Hodi, mama," akarudia Mzee Sospeter, mwenyekiti wao.

"Karibuni," akasema Nasaria, asijue sauti imetoka wapi.

Wakavua viatu, wakavipanga nje, wakapita mlangoni mmoja mmoja. Mzee Sospeter, ambaye aliwahi kugonga kichwa hapo, akainama. Wakaketi kwenye majivu wakiwa na nguo zao safi, wakaanza Baba Yetu. Nasaria akaketi nao, akachorachora majivuni kwa kidole.

Mara Mama Kulwa, mchelewaji wa siku zote, akatokea upande wa jikoni, akanyanyua mguu avuke.

"Hapo ni ukutani, Mama Kulwa," akasema Nasaria, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Pita mlangoni."

Mama Kulwa akaushusha mguu. Akaomba radhi, akaizunguka nyumba yote, akapiga hodi.